SURUALI YA KITENGE KWENYE HARUSI ISIYO NA SARE: KIPIMO NI GOTI

Haya wadau, msimu umefika. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa ndio huku kwetu Shinyanga watu wanaoana hasa. Mvua imekata, mpunga uko ndani, pamba inauzwa, na turubai halina kazi ya kuvuja. Jumamosi ukizunguka mitaa ya Ngokolo na bajaji, kila baada ya kona mbili unakuta barabara imefungwa kwa viti vya plastiki na spika zimepandishwa juu ya meza. Dereva anapiga honi mara moja tu kwa adabu, halafu anatafuta njia nyingine.

Harusi ziko za aina mbili. Kuna zile za ukumbini, zenye kadi ya single na double, kamati, vikao vya kila Jumapili na MC aliyelipwa. Zile zina sheria zake na leo siziongelei. Naongelea hizi zetu nyingine: watu wanaenda bomani au wanafunga ndoa asubuhi kanisani, mchana wanarudi nyumbani, sufuria ziko jikoni tangu alfajiri, bibi wamekaa kwenye mkeka, DJ ni mtoto wa jirani. Mwaliko wenyewe umekuja kwa meseji au kwa mdomo. Hakuna aliyekwambia uvae nini, na hapo ndipo shida inapoanza.

Swali ninaloulizwa sana saluni na sokoni ni hili: "Nina suruali yangu ya kitenge, nikienda nayo nitaonekanaje?" Wanaouliza wengi ni wasichana wa umri wangu, na suruali yenyewe mara nyingi ndiyo nguo nzuri kuliko zote waliyonayo kabatini.

Jibu langu ni fupi. Ivae ukiwa nyumbani, simama mbele ya kioo, halafu piga goti. Ukishuka mpaka chini na kuinuka bila kushika kiuno, bila kuvuta blauzi nyuma, bila mshono kulia "kriii", hiyo suruali inaenda harusini. Ikikugomea, iache. Huku Usukumani mwanamke hasalimii wakubwa akiwa amesimama wima kama nguzo ya umeme. Unashuka. Kwenye harusi ya nyumbani utashuka mara 30 kabla hujala. Kwa hiyo nguo yako ni sehemu ya salamu yako, na mzee anaangalia zaidi kama inakuruhusu kumheshimu kuliko inaitwaje.

Hilo goti nimeliona likifanya kazi kubwa, na nitawasimulia.

SARE ILIVYOTAKA KUMFUKUZA SHAHIDI

Mwaka jana mwezi wa saba kuna dada mmoja wa mtaani kwetu aliolewa. Jina kapuni, lakini wa Ngokolo mnamjua, amewasuka wengi wenu. Bwana harusi alikuwa anahangaika na machimbo huko Geita. Mipango ya mwanzo ilikuwa mikubwa, ukumbi ulishaulizwa bei. Halafu duara alilokuwa na hisa halikutoa kitu, miezi mitatu mawe matupu. Wakakaa wawili wakaamua: hatuahirishi, tunapunguza. Ndoa bomani, chakula nyumbani, watu kama 60. Bibi harusi akatutumia meseji wenzake tuliokua naye: njooni na mlichonacho, sitaki sare, sitaki mtu akope.

Mngedhani tutashukuru. Wapi! Ndani ya siku mbili kuna kundi lilishafunguliwa kwenye simu la kupanga sare kwa siri, eti "tumfanyie sapraizi". Hesabu ikaletwa: kitambaa 40,000, fundi 30,000, viatu vya kufanana 25,000, nywele 20,000. Jumla 115,000 kwa kichwa, na hapo mchango wa chakula haujaguswa.

Kati yetu alikuwepo mmoja ambaye bibi harusi alishamwomba awe shahidi wake. Kwa wasiojua, ndoa ya bomani lazima iwe na mashahidi wasiopungua wawili, na taarifa inapelekwa kwa msajili angalau siku 21 kabla. Ndivyo ilivyo tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Huyu binti ndiye aliyeuguza mama wa bibi harusi wakati dada wa watu yuko chuoni, ndiyo maana akachaguliwa yeye. Kazi yake ni kusaidia kwenye mgahawa wa mama lishe, siku ikiwa nzuri anaondoka na 5,000. Piga hesabu mwenyewe: sare ile ni siku 23 nzuri mfululizo bila kula.

Akanyamaza kwenye kundi. Siku ya nne akanipigia akasema atamwambia bibi harusi kwamba amepata safari ya Kahama. Sauti yake haikuwa ya mtu mwenye safari.

Nataka mlielewe hili kabla sijaenda kwenye rangi na viatu. Sare ni kitu kizuri, mimi mwenyewe ninazo na picha zake zinapendeza. Lakini sare ikishakuwa kizuizi cha mlangoni, inaanza kuchuja watu kwa pesa badala ya upendo, na mara nyingi anayeachwa nje ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitwa. Wangapi mnawajua wameugua "ghafla" wiki ya harusi?

Nikamuuliza una nini ndani. Akasema ana kitenge yadi tatu, alipewa na mama yake mkubwa alipomaliza kidato cha nne, hakijawahi kushonwa kwa sababu pesa ya fundi haikupatikana. Ana shati jeupe alilonunua kwa ajili ya usaili wa kazi. Ana raba nyeupe. Nikamwambia basi umeshavaa, bado kushona tu.

Kwenye kundi nikaandika sentensi moja: "Bibi harusi amesema tuje na tulichonacho, mimi naenda na suruali yangu ya kitenge, wenye kitenge chochote tuungane." Wawili walikasirika wakatoka. Watano waliobaki, mmoja mmoja wakaanza kutuma picha za vitenge vyao. Ikatokea kwamba watatu tuna suruali. Hapo hofu ikahama kutoka kwenye pesa ikaenda kwa bibi wa bwana harusi, anayekuja kutoka kijijini. Atasema nini akiona wasichana watatu wamevaa suruali, na mmoja ni shahidi?

JINSI YA KUISHONA

Fundi wangu yuko Ngokolo Mitumbani, mzee wa watu, haongei sana. Alimtoza yule binti 12,000, na mpira na zipu 2,000. Jumla 14,000 badala ya 115,000. Nilikaa pale mpaka amekata, kwa sababu suruali ya kitenge inaharibikia kwenye kukata. Haya ndiyo mambo ya kumwambia fundi.

Kwanza, loweka kitenge kabla ya kushona. Tumia maji ya baridi, usiku mzima, kisha anika kivulini. Kitenge cha pamba kinaruka kidogo kikipata maji. Bora kiruke kikiwa kitambaa kuliko kiruke kikiwa suruali ukabaki na kipande juu ya kifundo. Pia utajua kama kinachuja rangi. Kinachochuja usikivae na shati jeupe siku ya jua la Shinyanga, jioni utakuwa na ramani kiunoni.

Pili, angalia ua linaangukia wapi. Vitenge vingi vina duara kubwa, tausi, feni, sijui jicho. Fundi asipoangalia, lile duara linakuja kukaa katikati ya kalio moja, ukigeuka watu wanaona shabaha ya mgambo. Mwambie alaze kitambaa kwanza, aangalie nyuma kabla ya mbele. Maua makubwa yashuke kwenye mapaja kwa nje na chini kwenye miguu. Nyuma pabaki patulivu. Kama kitenge chako kina maua makubwa, nunua nusu yadi zaidi kwa ajili ya kulinganisha. Kwa suruali pana, mtu wa mwili wa kati yadi tatu zinatosha. Ukinunua pisi nzima ya yadi sita mnaweza kugawana wawili.

Tatu, msamba uwe na nafasi. Hapa ndipo goti linapopimwa. Mafundi wengi wanashusha suruali ya mwanamke kwa kipimo cha kusimama. Wewe mwambie akupime umesimama, umekaa, na umechuchumaa. Yule mzee wangu alishangaa, lakini alipima.

Nne, nyuma weka mpira, mbele weka bapa. Mbele inakaa kama suruali ya ofisini, nyuma inavutika ukishakula pilau. Mifuko iwe ya pembeni na ya kina, kwa sababu noti za kutunza lazima zikae mahali na pochi utakuwa umeiacha mezani.

Tano, iwe bwanga. Sisemi modo haipendezi. Modo ya kitenge ina siku zake, lakini harusi ya nyumbani sio siku yake. Kitenge hakina mvutano kama jinsi, kikibanwa kinakunjamana nyuma ya goti na kuchanika kwenye mshono. Bwanga inaingiza hewa, na ukishuka chini inajifungua kama sketi. Mtu aliye mbali hajui hata kama ni suruali mpaka utembee.

Urefu uishie juu kidogo ya kiatu, ionekane raba yote. Vumbi la hapa mnalijua. Suruali inayofagia chini, ikifika saa tisa upindo wote umekuwa wa kijivu.

MLANGONI KWA MSAJILI

Asubuhi ya siku yenyewe shahidi wetu alipanda bodaboda kwenda bomani. Hapo peke yake suruali ilishalipa. Mnajua kupanda bodaboda na gauni la kubana, unakaa upande kama gunia la mkaa, mkono mmoja umeshika gauni, mwingine umeshika wigi. Na sisi huku ni mji wa daladala za baiskeli pia. Mwanamke wa Shinyanga anayepanda usafiri wetu ana haki ya suruali kwa sababu za usalama tu.

Pale mlangoni kuna lile bango mnalolijua, lenye picha za mavazi yasiyoruhusiwa. Nguo fupi, nguo za kubana, nguo za kuonyesha mwili. Alisimama akalisoma lote, mdomo umemkauka. Mimi nikalisoma naye. Suruali pana ya kitenge na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo haikuwepo kwenye picha hata moja. Tukaingia. Msajili hakumtazama miguu, alimtazama kitambulisho. Akasaini jina lake lote, taratibu, kama anaandika mtihani.

BIBI NA KITAMBAA

Nyumbani ndipo kulikuwa na mtihani wenyewe. Bibi wa bwana harusi alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwarobaini, na mashangazi wawili pembeni. Tulikubaliana twende wote watatu kwa pamoja, wenye suruali tukiwa mbele, tusijifiche nyuma ya wenye magauni.

Tukafika, tukashuka. Magoti yote mawili chini, mikono pamoja. "Mwadila mayu." Suruali zikajifungua zikatufunika mpaka miguuni, hakuna aliyevuta kitu, hakuna aliyeshika kiuno. Bibi akaitikia, akauliza kila mmoja ni wa ukoo gani, kama ilivyo kawaida. Kila mmoja akajibu.

Halafu akanyoosha mkono akashika goti la shahidi wetu. Moyo wangu ukaruka. Akakisugua kile kitambaa kwa vidole viwili, akakikunja, akakiachia. Kisha akahamia kwangu akafanya vilevile. Akamrudia yule wa kwanza akasema, "Hii ya kwako pamba." Akanigeukia mimi. "Hii ya kwako siyo pamba, binti. Wamekudanganya."

Mashangazi walicheka mpaka mmoja akalala kwenye mkeka. Bibi yule amelima pamba maisha yake yote, huwezi kumpa poliesta ukamwambia ni kitenge. Kuhusu suruali hakusema neno. Alichosema ni kumuuliza yule binti kama ndiye aliyeandika jina lake kwenye ndoa ya mjukuu wake, na alipoitikia, bibi akamwambia "wabeja sana" na kumkalisha pembeni yake. Alikaa pale mpaka chakula kikaja, anapewa matobolwa kama mgeni wa heshima.

Tangu siku hiyo kitambaa nakipima kabla sijalipa. Chomoa uzi mmoja pembeni ukauchome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inaacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Angalia pia upande wa ndani: kitenge cha waksi halisi rangi inalingana pande zote, cha kuchapishwa upande mmoja kinakuwa kimepauka kwa nyuma. Kwenye joto na kucheza, tofauti ya pamba na poliesta utaiona kwapani na mgongoni.

Na kuna kitu kinauma hapo. Mkoa wetu, Simiyu, Mwanza na Geita ndiko pamba ya nchi hii inakolimwa kwa wingi. Mwaka 1968 nchi ilifungua kiwanda cha Urafiki pale Dar es Salaam kwa msaada wa China, Mwanza kulikuwa na Mwatex, vitenge na khanga vikawa vinatoka kwenye pamba ya hapa. Leo pamba yetu nyingi inasafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi, na sisi tunarudishiwa plastiki yenye maua. Bibi hakutoa hotuba hiyo, alishika goti langu tu.

BABA MDOGO NA HISTORIA YAKE

Sitawadanganya kwamba kila mtu alifurahi. Kulikuwa na baba mdogo mmoja, wa upande wa bwana harusi, ambaye baada ya chupa mbili alianza kusema kwa sauti kwamba mwanamke wa suruali hana ndoa, ni mambo ya mjini, ni mambo ya machimboni.

Hilo la machimboni nilitamani kumjibu. Nendeni Geita, nendeni Kahama kwenye mialo ya kuchenjulia, muwaone wanawake wanaoponda mawe na kubeba maji. Wengi wamevaa suruali ndani na khanga juu. Hawajiiti wa kisasa. Mawe yanarukia miguu, na kazi ni ya kuinama siku nzima. Bwana harusi mwenyewe amelelewa na mama wa aina hiyo.

Lakini baba mdogo hakuyaanzisha yeye. Mambo haya yana umri kuliko sisi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita mavazi waliyoyaita ya kigeni, na tarehe 1 Januari 1969 Operesheni Vijana ikaanza Dar es Salaam: minisketi, mawigi, mkorogo, na suruali za kubana. Na suruali hizo hata wanaume walikatazwa, sehemu hiyo baba zetu huwa wanaisahau. Tarehe 1 Juni 2021, zaidi ya miaka 50 baadaye, mbunge mwanamke wa Momba alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge Dodoma kwa sababu ya suruali aliyovaa. Aliyesimama kulalamika alikuwa mbunge mwanaume wa jimbo la huku kwetu mkoa wa Geita. Wabunge wanawake walipinga, nchi nzima ikabishana wiki nzima.

Kwa hiyo ukivaa suruali kwenye harusi ujue unaingia kwenye mjadala ambao hukuuanzisha. Huna haja ya kuumaliza siku hiyo. Harusi ni ya watu wawili, mjadala wako usile muda wao. Siku ile shahidi wetu alifungua begi, akatoa khanga, akaifunga kiunoni juu ya suruali, akaenda jikoni kusaidia kupakua. Baba mdogo alipopelekewa sahani, aliyempelekea ni yeye, tena kwa goti. Alipokea, akala. Hakuomba radhi, na jioni alipokuwa anaondoka bado alikuwa anamwambia dereva wa bajaji habari za wasichana wa siku hizi.

Khanga kwenye begi ni lazima, wadau. Wengine wataniambia kufunga khanga ni kukubali kushindwa. Mimi sioni hivyo. Khanga ni aproni jikoni, ni mkeka wa dharura, ni ya kumfunika mtoto wa mtu aliyelala, ni ya kujitanda upepo wa jioni ukianza. Usiifunge kwa kuogopa mtu. Ifunge ukiwa na kazi nayo.

JUU, CHINI NA KICHWANI

Suruali ikiwa na maua, juu kuwe kimya. Shati jeupe la pamba, au blauzi ya rangi moja iliyochukuliwa kutoka kwenye kitenge chenyewe. Chagua ile rangi ndogo, sio ile kubwa. Kitenge cha bluu chenye vidoti vya njano, vaa blauzi ya njano. Ingiza shati ndani mbele, nyuma liache lishuke, lifunike kiuno ukiinama.

Kama unataka juu na chini kitenge kilekile, sawa, lakini hiyo inakuwa suti na inavuta macho. Kwenye harusi ndogo bibi harusi wengine wanakuwa wamevaa gauni la kawaida tu, au kitenge pia. Muulize mapema anavaa rangi gani. Sisi tuliuliza, akasema anavaa kitenge cha njano na nyeupe, tukaacha njano yote nyumbani. Mgeni kumzidi bibi harusi kwenye picha ni ukorofi, hata kama umevaa kwa bei ndogo.

Viatu: raba safi au sendozi bapa. Kisigino chembamba kwenye uwanja wa udongo kinazama, na kwenye singeli kinavunjika. Hereni moja kubwa au mkufu mmoja, sio vyote. Mabaki ya kitenge usiyatupe, kata utepe wa kufunga nywele. Kilemba kikubwa waachie mama wa bibi harusi na mashangazi, ndio siku yao.

Kaka zangu, na nyie msidhani mmesamehewa. Suruali ya kitenge kwa mwanaume inapendeza ikiwa imenyooka, imepigwa pasi, na juu fulana au shati la rangi moja lisilo na maandishi. Kitenge juu na chini pamoja na kofia ya kitenge, hapo watu watakuuliza unaanza kupiga ngoma saa ngapi. Na nyie goti linawahusu, kubeba maspika na kukaza kamba za turubai ni kazi ya kuinama.

MAHALI AMBAPO NAIACHA NYUMBANI

Kama ibada yenyewe iko kanisani, na hapa Ngokolo tuna Kanisa Kuu kabisa la Mama Mwenye Huruma, mimi navaa gauni au sketi kwenye misa na kubadilisha baadaye. Kama ni nikaha kwa majirani zetu Waislamu, navaa dera na mtandio, sina mjadala. Na kama bibi harusi mwenyewe, kwa mdomo wake, amesema anaomba wote tuvae magauni, navaa gauni. Aliyenialika ndiye mwenye neno la mwisho. Kundi la simu halina neno la mwisho, na baba mdogo hana.

Zaidi ya hapo, nenda. Wale wawili waliotoka kwenye kundi walishona sare yao, wakaja nayo, wakapendeza kweli, na hakuna aliyewasema. Picha ya siku ile ninayo kwenye simu: magauni mawili ya kufanana, suruali tatu, vitenge vingine viwili visivyoendana na chochote, na katikati bibi harusi ameshika mkono wa shahidi wake. Yule binti nimemwona tena wiki iliyopita kwenye mgahawa, amevaa suruali ileile kazini, anachuchumaa kuchochea moto.

Kama Jumamosi hii una mwaliko, toa suruali yako kabatini leo Jumatano usiku, usingoje Ijumaa. Piga goti. Ikilia, fundi bado ana siku mbili za kuachia mshono.